Maziwa Niliyofukiza kwa Makaa ya Mawe

Jumatano, tarehe tisa. Tangu asubuhi mawingu yamekaa upande wa milima ya Nyambene kama yanataka kuja kwetu, lakini ikawa ni upepo tu na vumbi jekundu. Saa kumi jioni matone machache yalianguka, hayakutosha hata kulowesha nguo zilizokuwa kwenye kamba.

Leo, Talaso, umekataa maziwa yangu mbele ya watu.

Nitakuita mwanangu katika daftari hili, ingawa wewe ni mtoto wa binti yangu, kwa sababu umelala mgongoni mwangu kuliko mwanangu yeyote niliyemzaa. Na kama kijana mwingine atalisoma baada yako, hata yeye ni mwanangu. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hivyo mahali nimekosea, msome mbele muone kama maana inafika. Kama haifiki, basi kosa ni langu.

Nianze na ya leo, nisiipindishe. Nilifika kwenye kibanda cha maziwa cha kikundi chetu, ambapo wewe ndiye mpimaji, na jerikeni yangu juu ya punda, saa moja na nusu, kabla pikapu ya kwenda Isiolo haijaja. Wanawake walikuwa kama kumi. Ulifungua kifuniko, ukanusa. Ukatia tone kwenye kiganja, ukalamba, ukanusa tena. Halafu ukachukua kidogo ukachemsha kwenye kile kisufuria chako, na yakakatika.

"Ako, haya hayaingii," ukasema. Ako ndiyo nyanya kwa Kiborana, na hujawahi kuniita jina lingine. Sauti yako ilikuwa ya heshima. Nasema hivyo kwa sababu nilipokuwa njiani kurudi nilitaka kujidanganya kwamba ulinijibu vibaya, na si kweli.

Nakiru alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, na Nakiru hajawahi kukosa neno. Akasema, "Talaso, huyu si ni nyanya yako? Funga tu jicho moja."

"Jicho nitafunga, mama. Pua je, nitafunga na nini?"

Wanawake wakacheka mpaka punda wangu akasogea. Nilicheka na mimi, lakini kicheko hicho kilikuwa cha midomo tu. Nilikuwa nimeinusa jerikeni ile nyumbani na sikunusa kitu. Nilikuwa na hakika. Nilipoanza kuifunga kwa punda tena, Nakiru alinisogelea akaniambia polepole, wewe hukusikia, "Angalau huyu mtoto wako hakusema sijui."

Kuna jambo la zamani ndani ya neno hilo kati yangu na Nakiru, na leo nataka ulijue.

Nilipofika kwenye kona ya shimo la kale, lile ambalo sasa linachimbwa tena, nilisimamisha punda. Nilikuwa na hasira bado. Nikaangalia lile rundo jeusi la mawe pembeni ya shimo, na siku ile ikanirudia yote, kama vile sijazeeka.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja. Huku kwetu mbele ya Kulamawe nyumba zilikuwa chache kuliko sasa, na hata sasa si nyingi, ukimwita jirani kwa kelele anayekusikia ni punda tu. Kulikuwa na maboma yetu ya ngamia na mbuzi. Kulikuwa na mashamba mawili kando ya laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu, ya watu waliotoka Meru, wakilima vitunguu na mahindi kwa maji ya kisima cha mchangani. Halafu wakaja watu wa kutafuta makaa ya mawe. Walikuja na mahema na lori moja, wakachimba mashimo, wakawa wanatoa mawe meusi yanayowaka moto.

Wako watu watakaokuambia wachimbaji wale walikuwa wabaya, na wengine watakuambia walikuwa neema. Mimi nitasema nilichoona. Waliacha shimo moja wazi na mbuzi wawili wa shemeji yangu wakaanguka. Pia waliwapa kazi wanaume ambao ukame ulikuwa umewamalizia mifugo. Na lori lao, likienda Isiolo mara mbili kwa wiki, lilibeba maziwa yetu bila kudai kitu. Kabla ya lori hilo maziwa yetu tulikuwa tunakunywa wenyewe au tunamwaga.

Ndivyo kikundi chetu kilivyoanza. Tulikuwa wanawake wanane. Mkubwa wetu alikuwa Ako Loko, mama mzee mrefu, anayetembea na fimbo ingawa haihitaji. Kila mmoja alileta maziwa yake ya ngamia asubuhi kwenye boma lake, tunayamimina pamoja kwenye vyombo sita vikubwa vya kikundi, na vyombo hivyo ndivyo vilivyopanda lori. Mama mmoja mwenye hoteli huko Chechelesi, mtaa wa Isiolo, alikuwa anachukua yote.

Maziwa ya ngamia hayaendi safari kwenye chombo kitupu hivi hivi. Unajua, lakini naandika kwa yule asiyejua. Unachukua kijiti cha ejersa, ule mzeituni wa porini wa milimani, unakichoma mpaka kinakuwa kaa jekundu, unakitia ndani ya chombo, unafunga, unatikisa, moshi unaingia kwenye ngozi ya chombo. Unafuta majivu. Hapo maziwa yatafika Isiolo yakiwa mazima, tena na utamu wake. Kazi hiyo ya kufukiza vyombo sita vya kikundi nilipewa mimi, mdogo wa wote. Ako Loko alisema nina pua. Nilitembea wiki nzima nikiwa nimeinua hiyo pua juu.

Sasa ikaja mvua. Si mvua ya leo, ni mvua yenyewe. Siku nne. Kuni zote zikalowa, na ejersa yangu ikaisha. Ejersa kavu ilikuwa kwa Mzee M'Ikiara, mkulima wa kwenye laga, ambaye watu wake wa milimani walikuwa wanamletea na alikuwa anaiweka chini ya paa pamoja na vitunguu. Ni mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Kwenye matope tuseme mbili na mbili. Sikutaka kwenda. Naweza kuandika kwamba nilikuwa mgonjwa au laga ilikuwa imejaa, lakini laga ilikuwa imeshapungua na mimi nilikuwa mzima.

Nyumbani nilikuwa na mawe matatu ya makaa. Mpishi wa kambi alikuwa amenipa, akanionyesha jinsi yanavyoshika moto na kukaa nao muda mrefu kuliko kuni yoyote. Nikayaangalia. Nikajiambia, moto ni moto, na moshi ni moshi. Tena nikaona mimi ni mjanja. Nikafikiri maziwa yakisifiwa, nitasimama katikati ya wanawake niwaambie, mmeona, hamhitaji tena kutafuta ejersa, dawa iko hapa mlangoni kwetu. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Nikavunja yale mawe vipande vidogo, nikavitia motoni, nikafukiza vyombo vyote sita.

Pua yangu iliniambia. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, mwanangu. Nilipofungua chombo cha kwanza nilisikia harufu nzito, kama ya taa inayozimika. Nikasema itaisha maziwa yakiingia. Asubuhi watu wakamimina, na sababu kulikuwa na baridi na manyunyu, kila mtu alikuwa amejifunga shuka mpaka puani akitaka kurudi kwake haraka. Lori likaondoka.

Siku ya tatu lori lilirudi na vyombo vyetu vimejaa vile vile. Dereva akavishusha, kisha akasema, "Mama wa hoteli anasema kama mnataka kumuua, mtumie panga. Anasema maziwa yana harufu ya lami. Na asipoletewa mazuri safari ijayo, atachukua kwa watu wengine."

Tulidhani kwanza ni lori. Dereva akaapa kwamba aliweka vyombo mbele, pembeni ya kiti chake, mbali na dizeli, na tulimwamini kwa sababu shuka lake lilikuwa limemwagikiwa maziwa njiani. Basi ikabaki kwamba ni mmoja wetu. Na kila mtu akaanza kumwangalia Nakiru.

Nikueleze alikuwa nani wakati huo. Alikuwa Mturkana, ametoka mbali na mume wake kwa ajili ya kazi ya shimo. Kibanda chao kilikuwa karibu na kambi kuliko boma lolote. Walikuwa na ngamia wawili tu, na maziwa ya hao wawili ndiyo yaliyokuwa yanarudi nyumbani kwake yakiwa unga. Mume wake alikuwa anatoka shimoni mweusi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemchukia Nakiru, nataka kuwa wa haki kwa wale wanawake, wengi wamekufa na hawawezi kujitetea. Walikuwa na hofu ya kupoteza mteja, na hofu ikatafuta nyumba iliyo karibu na makaa.

Ako Loko akasema kila mmoja alete chombo chake cha nyumbani, kile anachokamulia. Tulikaa kwenye uwanja wa boma lake, mvua imekatika, jua linatoka kwa ukali. Vyombo saba vikapangwa chini. Cha kwangu mimi kikawa cha nane.

"Wewe ndiye pua yetu," Ako Loko akaniambia. "Nusa kimoja kimoja utuambie."

Nikainama. Cha kwanza ejersa. Cha pili ejersa, na mafuta kidogo. Vyote vilikuwa safi. Nikafika kwa Nakiru. Alikuwa amebeba mtoto mmoja mgongoni na kushika mwingine mkono. Nikanusa chombo chake. Kilikuwa kimefukizwa vizuri kuliko cha mtu yeyote pale, hata kuliko changu.

"Eh?" akauliza mmoja. "Kuna makaa?"

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Nilikuwa naweza kusema ni safi, halafu wangeuliza basi uchafu umetoka wapi, na wangeangalia vile vyombo sita, na anayevifukiza. Sikutaka kusema uongo pia. Nilikuwa najiona mtu mwema, asiyesema uongo.

Nikasema, "Sijui."

Sikusema zaidi ya hapo, na ilitosha. Yule aliyeuliza akapumua kama mtu aliyepewa jibu. Mwingine akasema, "Basi huyu apumzike kuleta, mpaka tujue." Na mwingine, "Apumzike kabisa. Tutapoteza yule mama wa hoteli sisi wote kwa ajili ya nyumba moja?"

Nakiru alitusikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Akasema, "Hii maziwa watoto yangu nakunywa. Mimi natia makaa ndani ya mtoto yangu?" Akachukua chombo chake, akakigeuza kichwa chini ili wote waone hakuna kitu, akaondoka na watoto wake kuelekea kambini.

Wanawake walitawanyika kwenda kwa mbuzi zao. Ako Loko akaniambia nibaki nimsaidie kuanika ngozi. Tulivuta ngozi ile pande mbili, yeye huku mimi kule. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Nimekupa kazi ya pua, wewe umenijibu kwa mdomo."

Nikaendelea kuvuta upande wangu.

"Vile vyombo sita nilivinusa vilipotoka kwa lori," akaendelea. "Hata kabla dereva hajamaliza kusema."

"Ako, kama ulijua, kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umeshikwa. Nilitaka useme wewe." Akavuta ngozi upande wake. "Mtu asiyejua akisema sijui, huyo namkalisha karibu na mimi, nitamfundisha. Wewe unajua. Umechukua neno la mtu mnyoofu, umejificha ndani yake, na umemwacha mama wa watoto wawili nje kwenye jua. Nakiru amefika wapi sasa?"

Nikageuka kuangalia. Alikuwa amefika kwenye kona ya shimo, mdogo kama kisiki.

"Bado anaonekana," nikasema.

"Basi unangoja asionekane?"

Nilikimbia. Sijui niliachia ile ngozi au niliivuta nikaiangusha. Hapo sijui kweli. Nilimfikia Nakiru pale pale kwenye rundo la mawe meusi. Nilimwambia ni mimi, nikachukua jiwe nikamwonyesha, kwa sababu sikuwa na hakika kama Kiswahili changu kinamfikia. Aliangalia jiwe, akaniangalia. Alielewa haraka sana. Hakunipiga, hakunitukana. Alinipa mtoto wa mkononi nimbebe, akageuka kurudi. Nafikiri alitaka nisipate mahali pa kukimbilia nikiwa na mtoto wake.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Ako Loko aliwaita wote tena. Nilisimama katikati, pale pale nilipopanga kusimama nisifiwe. Nikawaambia juu ya ejersa iliyoisha, na uvivu, na mawe matatu, na ujanja wangu, na lile neno sijui. Halafu mmoja, yule yule aliyesema Nakiru apumzike kabisa, akasema, "Kwa hivyo lami haijafika kwetu, lakini Chechelesi wameshainywa." Watu wakaanza kucheka, na Nakiru akauliza jirani yake maana yake, akaelezwa, akacheka wa mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote.

Lakini usidhani iliisha kwa kicheko. Adhabu yangu ilikuwa hii: kwenda kwa Mzee M'Ikiara kila wiki mpaka mvua ziishe, kuleta ejersa ya wanawake wote wanane, si ya vyombo sita tu. Siku ya kwanza nilimkuta anapalilia vitunguu. Nilipomsalimia salaam aleikum akanijibu habari yako mama, akaniuliza kwa nini sikuja wiki iliyopita, maana alikuwa ameshanitengea mzigo. Ulikuwa pale pale, chini ya paa, umefungwa kwa kamba. Sijawahi kuaibika kwa kitu kizuri namna hiyo.

Vyombo vitano kati ya sita vilipona, baada ya kuoshwa na kufukizwa tena na tena. Kimoja hakikupona. Ako Loko alinipa nikae nacho. Mwenye hoteli alipokea maziwa ya safari iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Nakiru alikaa mwezi mzima hanisalimii, na hiyo ilikuwa haki yake. Siku moja aliniletea chombo chake akasema, "Wewe pua. Nusa." Nikanusa, nikasema, "Safi. Tena kuliko changu." Akasema, "Hiyo ulijua ile siku." Nikasema, "Nilijua." Tangu siku hiyo ni rafiki yangu, na leo alikuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Makaa hayakuwa mengi wakati ule, wachimbaji waliondoka baada ya misimu michache. Sasa wamerudi wengine na mashine, na wakulima wa laga wanauliza maji yao yatakuwaje, na vijana wanauliza kazi itakuwaje, na wote wana haki ya kuuliza. Mimi sina jibu. Najua tu kwamba kile kikundi cha wanawake wanane kiko bado, ni wanawake sitini na zaidi, Waborana, Waturkana, Wasomali, na wale wa mashambani wanaoleta ya ng'ombe, na mtu wa Isiolo akifungua jerikeni iliyotoka kwetu hanusi mara mbili. Mahali penye watu wachache hivi. Mwenye kunusa kabla yake, mbele ya wote, ni wewe.

Basi sikiliza, mwanangu, nikuandikie wazi ili usiseme nilikuzungusha. Kama hujui, sema sijui, na useme kwa sauti. Mimi nimelisema neno hilo mara nyingi maishani na halijanishushia heshima. Lakini kama unajua, usijifiche ndani yake ili mambo yako yakae salama, kwa sababu kuna mtu atabaki nje akilipia. Na kazi ukipewa kwa sababu ya kitu Mungu alichokupa, pua au mkono au macho, usikitie kwenye mizani na undugu wala na urafiki. Hata wangu. Zaidi wangu. Na kama umeshakosea, angalia kama yule uliyemkosea bado anaonekana, ukimbie.

Asubuhi pua yangu iliniambia jerikeni ni safi, na haikuwa safi. Leo nilikuwa sijui, na sikujua kwamba sijui. Nimeumia, siwezi kusema sikuumia. Lakini tangu nisimame pale kwenye shimo, maumivu yamegeuka yakawa kitu kingine, nikawa natembea nyuma ya punda nikijivuna peke yangu kama msichana. Kile chombo kisichopona nimekitoa juu ya dari. Kesho nitakupa. Harufu iko ndani bado, ndogo, pembeni kwenye mshono. Mimi siisikii tena. Wewe utaisikia.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie pua yako na ulimi wako, vikae upande mmoja siku zote. Akupe mvua kwa wakati, ngamia wenye maziwa, na jirani wa kukwambia ukweli akiwa anacheka. Na ukizeeka, akupe mtoto wa kukukatalia.

Jioni tumekula ugali na sukuma za kutoka laga. Chai ilikuwa turungi, bila maziwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nakiru alikuwa ametuma kikombe kimoja cha maziwa ya kwake. Nilikupa wewe. Ulikinusa kwanza, ndipo ukanywa.